Siringi, Ubongo Ndio Unachelewa

Kwenye grupu ya WhatsApp ya ukoo wetu wa Soin, Kenya, kuna aliyeandika kwamba tangu nije majuu nimeanza kuringa: nikipigiwa simu nanyamaza kwanza, ndipo nijibu. Haya, nieleze.

Nina maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili hugeuka na kuharibu mayelini, utando unaofunika nyuzi za neva, na ujumbe ukachelewa njiani. Watu hutazama miguu tu. Lakini tafiti nyingi zinaonyesha kuwa kati ya asilimia 40 na 65 ya wagonjwa huguswa pia katika kufikiri, na mara nyingi kinachotangulia kulegea ni kasi.

Hapa Uingereza kasi hiyo hupimwa kwa karatasi. Kuna alama 9, kila moja na namba yake, nawe una sekunde 90 za kuzioanisha. Tangu 2012 zoezi hilo limo katika kipimo cha BICAMS, pamoja na orodha ya maneno na michoro ya kukumbuka. Vyote kama dakika 15. Muuguzi aliniomba radhi kabla ya kuanza, akaniomba radhi katikati, akanipa maji, akaniapia kwamba hapa hakuna kufeli. Kisha akabonyeza saa kama refa wa riadha! Waingereza hawa wana adabu ya kukuchosha. Na katika radhi zote hizo, hakuniuliza nilijifunza kusoma kwa lugha gani.

Kwetu mambo haya ya kupimwa akili yana historia. Miaka ya 1970 watafiti Sara Harkness na Charles Super walikaa kijiji cha Kokwet, kwa Wakipsigis wenzetu, na 1977 wakaandika kwa nini watoto wa Kiafrika ni wagumu kupimwa. Mtoto aliyezoea kutumwa na wakubwa hakuona sababu ya kumsimulia mgeni hadithi. Mama zao waliijua akili kwa mtoto anayeona kazi na kuifanya bila kusukumwa.

Watoto wangu hawatumiki hata kwa kusukumwa. Binti yangu alichora alama zake mwenyewe, akanipima kwa simu, akabandika matokeo kwenye friji: yeye wa kwanza, kaka yake wa pili, mama "anajitahidi". Kaka alikata rufaa. Mpaka leo wanabishana.

Nitapimwa tena na muuguzi, maana alama zangu hulinganishwa na zangu za awali; zikishuka 4 hivi, maswali huanza. Wataniuliza pia kama nalala vizuri, kwani uchovu na huzuni huzishusha. Kulala! Saa 5 usiku wawili hawa wanagombania chaja moja mlangoni mwangu.