Jana Usiku Baba Kalala Wapi? Vituko na Machozi ya Karani wa Sensa

HODI hodi! Wenyewe mpo?

Msomaji wangu, maneno hayo niliyasema mwezi wa nane mwaka 2022 mpaka yakawa yananitoka usingizini. Usiku mmoja mama aliniamsha: “We mwanangu, unampigia nani hodi na wewe umo ndani?” Nikamjibu, “Mama niache, niko kwenye kaya.”

Naam, nilikuwa karani wa sensa. Wale watu wa vizibao vya kung’aa na vishikwambi mkononi, waliokuja kukuuliza mpaka choo chako ni cha aina gani, mmoja wao ndiye huyu anayekuandikia leo. Ilikuwa Sensa ya Watu na Makazi ya sita tangu Muungano, baada ya zile za 1967, 1978, 1988, 2002 na 2012.

Kabla hujaanza kunitolea macho, elewa kwamba nilikula kiapo cha kutunza siri za watu. Kwa hiyo majina hayamo, na visa nimevichanganya makusudi. Ukijiona humu, basi si wewe. Ni jirani yako.

HELA YA UNGA

Matangazo ya kazi yalitoka mwezi wa tano. Wakati huo nina mwaka wa tatu tangu nimalize kidato cha nne, na cheti kilikuwa chini ya godoro kimeshaanza kuchota umbo la chaga. Asubuhi namsaidia mama kuuza maandazi pale kwetu Mbagala, jioni niko kwa shoga yangu msusi tunapiga soga. Siku inakwisha, mwezi unakwisha.

Maombi yalikuwa ya mtandao. Kwa siye tusio na kompyuta, mtandao ni steshenari. Nilikuta foleni ndefu, utadhani wanagawa sukari kwenye zile enzi anazozisimulia mama. Mara mtandao umelala, mara umeme umekatika, mara picha yako kubwa mno haipandi. Na kila ukirudi, yule kijana wa steshenari anakudai upya.

Kilichonitisha zaidi ni waliokuwa kwenye ile foleni. Mbele yangu kaka mwenye digrii, nyuma yangu dada mwenye stashahada ya ualimu. Wote tunaomba kibarua kimoja, na mimi na cheti changu chenye alama ya chaga.

Nikalipia kwa hela ya unga. Mama hakusema neno. Kesho yake nikamwona anakanda nusu ya unga wa siku zote, na maandazi yakawa madogo. Wateja walilalamika, yeye akacheka tu. Mimi ndiye nilikuwa siwezi kucheka.

Kijiweni nako wakanimaliza. “Huna mjomba, utapata wapi?” Siwezi kukataa kwamba maneno hayo yaliniingia. Lakini mwezi wa saba nikaitwa kwenye usaili na nikaenda nimevaa sketi ya kuazima. Wakaniuliza kaya ni nini. Nikajibu kwa lugha ya kwetu: ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mmoja wa wasaili akatabasamu.

Majina yalipobandikwa, langu lilikuwemo. La rafiki yangu tuliyepanga naye foleni halikuwemo. Tulirudi kwa miguu hatusemezani. Hatukugombana, ila nilikuwa sijui niseme nini, na yeye hakutaka nimwonee huruma. Mpaka leo hatujawahi kuizungumza ile siku.

DARASANI

Watu wengine walidhani kazi ni kuhesabu vichwa tu kama mchungaji wa mbuzi. Thubutu! Tulikaa darasani zaidi ya wiki mbili. Tulifundishwa kishikwambi, mipaka ya eneo, maswali ya elimu, ulemavu, uzazi, vifo na makazi. Tukafundishwa jinsi ya kumtafutia umri mtu asiyejua alizaliwa lini, kwa kumkumbusha matukio kama Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967 na Vita vya Kagera.

Na tukakaririshwa jambo moja kuliko yote: mtu anahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti 2022. Si kwao alikozaliwa wala alikojenga. Ni alipolala.

Posho ya mafunzo ilichelewa. Kila ukiwauliza wahusika, “kesho”. Mama ntilie wa pale nje alitukopesha chai na chapati, akatuandika kwenye daftari. Tukawa tunataniana kwamba yeye ndiye karani wa kwanza kutuhesabu.

WAKADHANI MTU WA MIKOPO

Saa sita usiku ilipopita, wenzetu wakaingia stendi, nyumba za wageni na kule wanakolala wasio na makazi, kuwahesabu waliokuwa huko. Sisi wa majumbani tukaanza asubuhi, mimi na mjumbe wangu, mzee wa kandambili na mwavuli.

Nyumba ya kwanza tu, kasheshe. Tukapiga hodi, ndani kimya, ila redio inaimba. Mara redio ikazimwa. Mjumbe akaita kwa jina, na ndipo sauti ikatoka dirishani: “Mwambie huyo binti rejesho nitaleta Ijumaa!” Kumbe kaona daftari na kizibao, akajua nimetoka kwenye ile mikopo ya kausha damu. Aliposikia ni sensa, alifungua mlango na kunikaribisha uji.

Wenye nyumba nao walikuwa na lao. Ukiuliza vyumba na paa, uso unabadilika: “Mnataka kutuletea kodi?” Kuna mmoja alinitajia wapangaji wawili. Nikahesabu milango, saba. Nikahesabu ndoo mlangoni, saba. Nikamtazama, akanitazama. “Haya binti, njoo tuanze upya.”

Halafu kuna vijana. Ukimwomba mkuu wa kaya namba ya simu, anakupa mbio mbio, kisha anasema, “Na ya kwako je, ili sensa iwe ya pande zote?” Kaka zangu wa Mbagala, nawajua!

Bibi mmoja akaniambia, “Niandike sitini.” Mwanawe amekaa pembeni, na dakika mbili nyuma nimemwandika miaka 58. Nikamwonyesha. Bibi akafikiri kidogo: “Basi ongeza ongeza.” Nikamuuliza siku ya Uhuru alikuwa wapi. Akasema alikuwa na mtoto wake wa kwanza mgongoni, na mvua iliwanyeshea wakitazama ngoma. Tukapigia hesabu hapo, tukaishia karibu miaka 80.

SASA BABA KALALA WAPI?

Hiki ndicho kisa ninachoombwa nikirudie kila kwenye msiba na harusi.

Nimeingia kwa mke mkubwa. “Andika baba alilala hapa.” Nikaandika. Nyumba ya tatu kutoka hapo, kwa mke mdogo. “Andika baba alilala hapa.” Kalamu ya kishikwambi ikanishinda. Jina lile lile, umri ule ule, na mtu halali mara mbili.

Nikamfuata mwenyewe kwenye bao. Nikamvuta pembeni kwa heshima zote. “Shikamoo baba. Samahani, usiku wa kuamkia juzi ulilala kwa nani?”

Mzee akakohoa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema kwa kunong’ona, “Mwanangu, nililala Kongowe.”

“Huko ulihesabiwa?”

“Nilihesabiwa. Tena kaniandikisha mume.”

Ikabidi nimtoe kwenye kaya zote mbili. Jioni nilipopita, kila mke aliniuliza kwa wakati wake, “Umemwandika kwangu, eti?” Nikawajibu jibu moja: “Mama, sensa ni siri.”

“HUYO NI WA KAZI TU”

Lakini sikulala kwa ajili ya mzee wa Kongowe. Nilikosa usingizi kwa sababu ya nyumba moja yenye geti na maua.

Mama wa nyumba alikuwa mkarimu, soda mezani. Akanitajia watu watano. Nikauliza kama tulivyofundishwa: “Kuna mwingine yeyote aliyelala hapa?” Akajibu hakuna. Wakati huo huo binti akaingia na bilauri, akapiga goti, akaweka, akatoka.

“Na huyu?”

“Aa, huyo ni wa kazi tu.”

“Usiku ule alilala wapi?”

“Humu humu.”

“Basi mama, ni mtu wa sita. Anaitwa nani?”

Mama akafungua mdomo, halafu akaufunga. Pale nyumbani aliitwa “dada”, basi. Tukamwita. Akasimama mlangoni anafuta mikono kwenye kanga, akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, polepole, kama mtu anayetoa vitu sandukuni. Umri, akasema miaka 17. Shule, aliishia darasa la saba. Mama wa nyumba alikuwa anatazama sakafu. Nadhani na yeye alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza.

Nilipofika getini, binti akanikimbilia. “Dada, mama yangu kule Singida akinitaja na yeye, si nitakuwa nimehesabiwa mara mbili? Sitafungwa?”

Nikamwambia hapana. Kule pia kuna karani kama mimi, atauliza nani alilala pale, na mama atasema mwanangu yuko Dar. Unahesabiwa hapa.

“Kwa hiyo mimi ni wa hapa?”

Nikasema ndiyo. Nikavuka barabara na kukaa kidogo kwenye kivuli cha mwembe. Mjumbe akaniuliza kama jua limenizidi. Nikasema limenizidi.

NA MIMI NIKAHESABIWA

Nyumbani kwetu alikuja karani mwingine, mimi nikiwa kazini. Jioni nikamuuliza mama alijibu nini.

“Aliniuliza wewe unafanya kazi gani. Nikamwambia mwanangu ni karani wa sensa. Akacheka.” Mama mwenyewe alikuwa anajiona mkubwa kuliko mkuu wa wilaya.

Nilijilaza nikawaza. Miaka mitatu watu wananiuliza nafanya nini nabadilisha mada. Halafu siku nchi nzima inapouliza kwa pamoja, mimi nina jibu. Angekuja mwezi mmoja baadaye, mama angemjibu nini?

Matokeo yalitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022: Watanzania 61,741,120, wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Mwaka 2012 tulikuwa 44,928,923. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulikuwa na watu 5,383,728. Nilisikiliza redioni mikono ikiwa kwenye unga. Kwa wengine zile ni namba za kupanga shule na zahanati. Mimi kila nikisikia ile 120 ya mwisho, namwona binti wa bilauri yumo, na mzee wa Kongowe yumo mara moja tu.

Vishikwambi tulirudisha, baadaye vikapelekwa kwa walimu. Posho nilimlipa mama hela yake ya unga na riba ya kanga moja, nikamlipa mama ntilie, nikanunua jiko la gesi la kukaangia maandazi. Sikutajirika. Ila sketi ya kuazima niliirudisha na nikashona yangu.

UKITAKA KUOMBA

Kama utaratibu wa kila miaka kumi utaendelea, sensa ijayo ni 2032. Hata kabla ya hapo, tafiti na kazi za kuandikisha watu huwa zinatokea. Kwa hiyo shika haya:

Toa cheti chini ya godoro, kipige picha safi ukiwa na nafasi, usisubiri foleni. Omba siku za mwanzo, kabla mtandao haujalala. Usimsikilize mtu wa kijiweni anayekwambia bila mjomba hupati, yeye mwenyewe hajaomba. Weka akiba ya nauli na chakula, maana posho ina mwendo wake. Vaa viatu vilivyokwisha zoea miguu.

Na wewe utakayepigiwa hodi, ukiulizwa nani alilala kwako, fikiri mara mbili kabla ya kusema “basi, tumeisha.” Angalia jikoni kwanza.