Paja Lililonyimwa Amri

Msomaji wetu mmoja, aliyepasuliwa goti ili aungwe kano ya mbele iliyokatika mchezoni, ametuandikia akitaka kujua ni kwa sababu gani paja lake, ambalo kisu hakikuligusa, limekonda na kukataa kutii, na vipi barafu iwekwayo gotini iweze kulifaa paja. Namna kano inavyokatika na kuungwa nitaiacha, kwani imekwisha kuelezwa mara nyingi. Ninalotamani kulieleza ni hilo la paja, maana katika ilimu yote ya viungo sijaona ajabu iliyoipita hii.

Mwaka 1984 watafiti waliwadunga watu wenye siha maji ya chumvi ndani ya goti, wakaona kwamba mililita 20 hadi 30, kadiri ya vijiko vichache vya chai, zatosha kuuzuia msuli wa paja ulio upande wa ndani, na kwamba wenziwe wa mbele ya paja hufuata maji yafikapo mililita 50 hadi 60. Goti likijaa, utando wake hukazika, na vipokezi vilivyomo hupeleka habari mfululizo kwa mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo, nao huifunga amri ya paja pasipo kungoja shauri la ubongo. Mfano wake ni jahazi linaloingia maji ngamani: mabaharia walio chini hupiga ukelele, na nahodha, ambaye maji yenyewe hayaoni, huamuru tanga lishushwe, chombo kikasimama katikati ya bahari ilhali mlingoti ni mzima na upepo ni mwema, atakayelilaumu tanga atakuwa amelidhulumu, kwa kuwa limetii tu, na siku zikipita bila ya kutwekwa, tanga lile zima huharibika kwa kukunjwa, ndivyo paja likondavyo. Baridi haiyateki maji yale. Kazi yake ni kuwatuliza wapigao ukelele, kwani mshipa wa fahamu uliopoa hupeleka habari polepole, na ngozi iliyoshikwa na baridi nayo hupeleka habari nyingine, zenye kumhimiza nahodha atweke. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliweka barafu juu ya magoti yaliyojazwa maji namna hiyo, na msuli uliozuiwa ukaamka.

Faida hiyo haidumu sana, na ndiyo maana naona ni hasara kubwa mgonjwa kuweka barafu kisha akalala, kana kwamba baridi yenyewe ndiyo dawa ya msuli, hali ya kuwa dawa ni mazoezi.

Basi, ndugu msomaji, ifunge barafu kwa kitambaa, iweke gotini kwa dakika 20, na mara uiondoapo, kabla goti halijarudiwa na joto lake, likaze paja, linyooshe goti na uuinue mguu kama alivyokuagiza mtaalamu wako wa viungo. Na ikiwa ngozi ingali na ganzi ya dawa, ngoja kwanza mpaka tabibu akupe idhini.