Sisi na Wao katika Majilisi ya Walimu

Wanafunzi wangu waendapo mazoezi ya kufundisha, mimi huifuata barabara ya Namanga kuwakagua, nikaanzia Kitengela na kuishia mjini Kajiado. Baada ya kipindi huketishwa katika majilisi ya walimu ningojee chai. Hapo ndipo mwanaisimu hutega sikio.

Mnamo Januari 2023, wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 7 walipoanza sekondari msingi, serikali iliwaweka ndani ya shule za msingi. Madarasa yalitafutwa, majilisi hayakukumbukwa. Walimu wapya, wengi wao wanagenzi wa mkataba wa mwaka mmoja kwa Sh20,000 kwa mwezi, waliingia katika chumba chenye wenyewe.

Katika shule moja ya Kitengela, wenyeji waliizunguka meza ndefu. Wageni walipewa madawati ya wanafunzi kando ya mlango, vumbi la barabarani likiwafikia wao kwanza. Kiwakilishi "sisi" kilikomea ukingoni mwa meza; waliosalia walikuwa "wale wa JSS". Hata chaki waliiomba kama mgeni aombavyo maji. Mwanagenzi mmoja alininong'onezea kuwa darasa lake lilikuwa limekwama katika hesabu za kugawanya. Aliyewafundisha watoto hao katika gredi ya 6 alikuwa ameketi hatua nne kutoka tulipokuwa. Hakumwuliza. Kengele ilipolia, alirudi darasani kubahatisha.

Kule Kajiado chumba kilikuwa kidogo zaidi, na mabati yake hayavumiliki ifikapo adhuhuri. Basi walimu wote walitoa viti nje, chini ya mgunga. Kivuli hakina mwenyewe. Kinaposogea, kila mtu husogea nacho. (Wazee wa Kimaasai wamefanyia vikao vyao chini ya miti tangu jadi, nasi wasomi twaona ni ukosefu wa ukumbi.) Hapo nilimsikia mwalimu wa shule ya msingi akisema "watoto wetu wa gredi ya 7", kisha mabishano makali ya hesabu yakafuata.

Najua wapo wanaodai majilisi yao pekee, na hata uongozi wao. Malalamiko ya ajira yaliyowatoa wanagenzi madarasani Mei 2024 yalikuwa ya haki, wala meza haiongezi mshahara. Lakini ukuta kati ya mwalimu wa gredi ya 6 na wa gredi ya 7 siuungi mkono, kwani anayeulipia ni mtoto.

Muhula ujao nitapita tena Kitengela. Nimemwomba mwalimu mkuu jambo moja: madawati ya mlangoni yarudishwe darasani, na ile meza isukumwe katikati ya chumba.