Mfarishi wa Nyumbani: Jinsi ya Kuutengeneza na Kuumaliza

Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala dawa ya wadudu. Tutazungumza juu ya kitu unachokihitaji ukisharudi nyumbani kutoka shambani, hasa mwezi wa Juni na Julai, wakati baridi inapouma katika sehemu za milimani kama Lushoto, Njombe na Makete. Kitu chenyewe ni mfarishi. Wengine huuita blanketi la viraka.

Huenda unajiuliza, "Bwana Shamba ameingiaje katika mambo ya sindano na uzi?" Swali lako ni la haki. Mkulima asiyepata usingizi kwa sababu ya baridi hawezi kuamka mapema akashika jembe. Tena, wengi wetu hutoa fedha za mavuno kununulia mablanketi, na huku nyumbani tuna kanga zilizochakaa, mashati yaliyochanika mgongo na, kwa wale wanaolima pamba, ile pamba fifi ambayo bei yake ni ya chini kuliko ya pamba safi. Vitu hivyo vikiunganishwa vizuri, vinakuwa kinga ya baridi kwa miaka mingi.

Lakini vikiunganishwa vibaya, ni hasara. Kwanza nikueleze kosa langu mwenyewe.

KOSA NILILOLIFANYA

Nilipokuwa mgeni kazini, nilipangiwa kijiji kimoja cha milima ya Usambara. Niliona watoto wanalala na baridi, nikawashauri akina mama tutengeneze mifarishi. Tulinunua sufi kutoka sehemu za joto huko chini. Akina mama walikata kanga zao, nyingine wakiwa wameziweka sandukuni miaka mingi. Tukashona kitambaa cha juu na cha chini pande tatu, tukajaza sufi kama mtu anayejaza mto, tukafunga upande wa nne. Mimi nikajiona nimefanya maendeleo.

Hazikupita wiki tatu. Usiku sufi ilianza kuteremka. Asubuhi unakuta yote imekusanyika miguuni, na mtoto amejifunika vitambaa viwili vitupu. Waliofua walipata shida zaidi, maana sufi ilishikamana ikawa mafundo kama viazi.

Bibi mmoja mzee aliniita, akaniuliza kwa upole, "Bwana Shamba, shamba la mlimani unatuambia tulitie matuta ili udongo usishuke. Je, hii sufi uliiwekea tuta gani?"

Sikuwa na jibu. Tuliifumua mifarishi yote, tukaanza upya. Hivyo ndugu mkulima, somo la leo lote limo katika swali la yule bibi. Mfarishi ni matabaka matatu: kitambaa cha juu, pamba katikati, na bitana chini. Mishono inayopita katika matabaka yote matatu ndiyo matuta yake. Bila mishono hiyo, huna mfarishi. Una mfuko wa pamba.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa mfarishi mmoja wa kitanda cha mtu mmoja, wenye upana wa meta 1.35 na urefu wa meta 1.95 hivi, tayarisha vitu hivi:

1. Doti moja ya kanga kwa ajili ya bitana. Kanga mbili za kawaida, kila moja ya sentimeta 150 kwa 110, zikiunganishwa kwa upande mrefu zinatosha.
2. Vipande vya nguo za pamba kwa ajili ya viraka vya juu.
3. Pamba iliyochambuliwa, kilo moja hadi moja na nusu.
4. Uzi imara wa pamba, usiopungua meta 220.
5. Sindano, subana ya kukinga kidole, mkasi, kipande cha boksi na nta kidogo ya nyuki.

Fua vitambaa vyote kwanza. Kitambaa ambacho hakijarudi kikiunganishwa na kile kilichokwisha kurudi, siku ya kwanza ya kufua mfarishi utajikunja. Chenye rangi kali kiloweke peke yake mpaka maji yatoke meupe. Nguo nyembamba sana iliyooza usiitumie; itachanika kabla ya nyingine.

Na hapa nakuonya: usitumie mifuko iliyowekwa dawa ya wadudu au mbegu zilizotiwa dawa, hata ukiifua mara kumi. Mtu hulala na mfarishi puani.

PAMBA AU SUFI?

Pamba inafaa zaidi kwa sababu inafulika. Kilo tatu za pamba yenye mbegu hutoa kiasi cha kilo moja ya pamba nyuzi. Chambua mbegu kwa mkono, kisha ianike juani na uipige kwa fimbo nyembamba mpaka itutumke. Jifunge kitambaa puani, maana vumbi lake si zuri kwa mapafu. Mbegu ulizozitoa usizirundike nyumbani hadi msimu ujao. Funza mwekundu wa pamba hujificha ndani ya mbegu, halafu hurudi shambani. Zichome.

Sufi ni nyepesi na ina joto zuri, lakini ina shida tatu. Kwanza, nyuzi zake ni laini na zinateleza, hivyo hupenya katika kitambaa chepesi. Huna budi kuitia kwanza ndani ya kitambaa kilichosukwa kwa kubana kama marekani. Pili, haipendi kufuliwa. Tatu, inashika moto upesi sana. Ukitumia sufi, ushonee mfarishi foronya ya kuvua na kufua, na uuweke mbali na kibatari.

KUUNGANISHA VIRAKA

Kata kipimo cha boksi chenye sentimeta 17 kila upande. Kwa kipimo hicho kata viraka 117. Fuata uzi wa kitambaa; ukikata mshazari, kiraka kitavutika na safu zitapinda.

Shona viraka tisa kuwa safu moja, ukiacha sentimeta moja ya mshono kila upande. Fanya hivyo mpaka upate safu 13, kisha unganisha safu kwa safu. Mshono wa bandi unatosha, yaani sindano inazama na kuibuka, lakini uwe wa kubana, na kila baada ya kidole kimoja urudie mshono mmoja nyuma. Ukimaliza, piga pasi. Kila kiraka sasa kitaonekana kina sentimeta 15.

KUTANDIKA NA KUSHIKIZA

Tandika bitana juu ya mkeka safi, upande mzuri ukitazama chini. Ivute inyooke. Tandaza pamba juu yake kwa unene ulio sawa kila mahali, kama unavyotandaza mpunga juani. Usirundike katikati ukaacha pembeni kutupu. Kisha weka kitambaa cha viraka juu, upande mzuri ukitazama wewe. Bitana iwe imezidi pande zote nne. Hiyo ziada tutaitumia mwishoni.

Sasa shikiza kwa mishono mirefu ya muda, kuanzia katikati kwenda pembeni kama miali ya jua. Ukianza pembeni, utasukuma kitambaa katikati na kupata mikunjo ambayo haitatoka tena.

Baada ya kushikiza, wamba mfarishi kwenye miti minne iliyofungwa kamba pembeni, kama unavyowamba kitanda. Akina baba, kazi hii ni yenu. Msikae barazani mkitazama tu, kwani mfarishi mtaulalia wote.

MATUTA YA MFARISHI

Tumefika mahali penyewe. Kumbuka kipimo hiki: vidole vinne. Pamba iliyotandazwa kwa mkono isiachwe bila mshono kwa nafasi inayozidi upana wa vidole vinne vya mkono wako. Kiraka chetu kina upana wa vidole vinane hivi. Kwa hiyo shona mstari pembeni kidogo ya kila muungano wa viraka, na mstari mwingine katikati ya kila kiraka. Utapata mistari 17 ya kwenda urefu na mistari 25 ya kwenda upana. Ichore kwanza kwa kipande cha sabuni kavu. Alama zake hutoka kwa maji.

Pitisha uzi kwenye nta ya nyuki usije ukajisokota, na uutumie mara mbili. Anza katikati ya mfarishi. Fundo la mwanzo livute kidogo lipenye kitambaa cha juu na kujificha ndani ya pamba. Zamisha sindano mpaka uhisi ncha yake kwa mkono wa chini, kisha uibue. Kama sindano haikugusa bitana, mshono huo haushiki kitu. Kila baada ya mistari michache geuza mfarishi, utazame chini kama mishono yote imetokea.

Usivute uzi kwa nguvu mpaka kitambaa kijikunje, wala usiulegeze. Mistari hiyo yote ni karibu meta 67 za mshono, hivyo usitegemee kumaliza kwa siku mbili. Kwa mtu mmoja anayeshona baada ya kazi za shamba, hii ni kazi ya wiki kadhaa. Watu wanne wakikaa kila mmoja upande wake, kazi huenda upesi. Shoneni mchana. Pamba na kibatari havikai pamoja.

KUMALIZA PINDO

Wengi huchoka hapa, wakamaliza ovyo. Na pindo ndilo linalochakaa kwanza, kwa kuwa ndilo linaloshikwa na kuvutwa kila usiku.

Toa mishono ya muda. Punguza bitana ibaki sentimeta 5 nje ya kitambaa cha juu pande zote. Kunja sentimeta 2.5 ili ukingo wa bitana ukutane na ukingo wa viraka. Kunja tena mara ya pili, pindo lilale juu ya viraka na kuficha ncha zote. Kwenye pembe, kata ncha kidogo kabla ya kukunja ili pasiwe na uvimbe, kisha kunja upande mmoja na kufuatisha wa pili. Shona kwa mishono midogo, na pembeni rudia mara mbili. Kwa njia hii huna haja ya kununua utepe.

UTUNZAJI

Anika mfarishi juani mara kwa mara. Hilo linapunguza haja ya kuufua. Ukifua, ukandamize ndani ya karai, wala usiukamue kwa kuunyonga. Usiutundike kwa upande mmoja, maana pamba iliyolowa ni nzito na hukata mishono. Ulaze juu ya kichanja, ugeuze, mpaka ukauke kabisa ndani. Mshono ukikatika, ushone siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mtoto mchanga usimfunike uso, hata baridi iwe kali namna gani.

Ndugu mkulima, yule bibi wa Usambara alishona mfarishi wake wa pili kwa vidole vinne kamili, akimkemea kila aliyeongeza cha tano. Nilipohamishwa miaka minne baadaye, mjukuu wake alikuwa bado anaulalia. Viraka viwili vilikuwa vimebadilishwa, lakini pamba ilikuwa pale pale ilipowekwa.

Kwa leo tunakomea hapa. Nakutakia kazi njema na usingizi mwema.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika nyumba zetu, ni nguo zipi zilizochakaa ambazo bado zina nguvu ya kufanyiwa viraka?
2. Kwa nini mistari ya mfarishi isiachane kwa zaidi ya vidole vinne?
3. Ni nani kati yetu atakayetoa miti ya kuwambia, na tutakutana siku gani kuanza?