Je, Wajua? Shangingi Lisiloisha Gereji

Ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa, ukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, ukapita Somanga na Nangurukuru, hadi kufika Mchinga umekwisha acha nyuma zaidi ya kilomita 400, na Lindi mjini iko jirani. Wanaouza samaki na madafu kando ya lami huyaona mashangingi yakipita kutwa: ya serikali, ya miradi, ya wanunuzi wa korosho na ufuta. Wasichokiona ni ankara za gereji. Yapo magari ya mamia ya milioni ambayo wenyewe wamekwisha zoeana na mafundi wa wakala wa kiwanda hadi wanaulizana habari za watoto. Gari la bei hiyo linarudiaje ugonjwa uleule?

Je, wajua kwamba Range Rover ya kwanza, iliyozinduliwa Juni 1970, haikuwa gari la anasa hata kidogo? Viti vyake vilikuwa vya plastiki na sakafu yake ilitengenezwa ili mkulima wa Kiingereza aioshe kwa mpira wa maji. Magurudumu yote manne yalikalia springi za koili. Anasa ilikuja baadaye, na mwaka 1992 ikaja na upepo: springi zikaondolewa, mahali pake pakawekwa mifuko ya mpira inayojazwa hewa na kompresa inayoendeshwa kwa umeme. Gari likaanza kupanda na kushuka lenyewe, na safari ikawa laini ajabu.

Mifuko hiyo ni mpira, na mpira huchoka. Mpasuko mdogo usioonekana kwa macho unatosha. Usiku gari limeegeshwa, upepo unatoka kidogo kidogo, na asubuhi mwenye gari anakuta kona moja imelala. Akiwasha, kompresa inaanza kusukuma, gari linasimama, naye anasahau. Lakini kompresa ile iliundwa kufanya kazi kwa muda mfupi na kupumzika. Sasa inafanya kazi kila mara, inachemka, na siku moja inaungua. Wakala anapima, anakuta kompresa imekufa, anaweka mpya, anaandika kazi imekamilika. Mfuko uliopasuka umebaki palepale. Miezi michache ikipita, kompresa mpya nayo inaungua, na mwenye gari anaanza kuamini kuwa ameuziwa spea feki, kumbe spea ilikuwa halisi kabisa.

Pwani inaongeza lake. Kabla hewa haijaingia kwenye mifuko hupitia kichujio chenye chembechembe za kukausha unyevu. Kichujio hicho kikishiba maji, unyevu unapita hadi kwenye vali, vali zinapata kutu na kukwama, na ugonjwa unakuwa wa pili juu ya wa kwanza. Kipimo cha kuukamata mpasuko ni maji na sabuni ya kufulia: unapaka kwenye mfuko, unatazama panapotoka mapovu. Fundi wa chini ya mwembe anakijua. Ajabu ni kwamba gereji yenye sakafu ya vigae na kiyoyozi wakati mwingine hukiruka, kwa sababu gari lililetwa saa tatu asubuhi, likasimama saa moja tu, na ndani ya saa moja halilali. Linarudishwa kwa mwenyewe na maelezo kwamba halina tatizo.

Wengine wakichoka hung'oa mfumo mzima wa upepo na kurudisha springi za chuma. Yaani wamelirudisha gari mwaka 1970. Taa ya onyo kwenye dashibodi inaendelea kuwaka mpaka kompyuta nayo idanganywe.

Je, wajua kwamba kompyuta ya kupimia haisemi kitu gani kimekufa? Tangu 1996 kila gari dogo jipya linalouzwa Marekani limelazimika kuwa na tundu la kuchomeka kipimo na msamiati mmoja wa namba za hitilafu, na Ulaya ikafuata miaka michache baadaye. Chukua namba P0171, ambayo wengi wameiona. Maana yake ni kwamba injini ya petroli inapata hewa nyingi kuliko mafuta, basi. Huenda bomba la hewa limetoboka, huenda pampu ya mafuta imechoka, huenda sensa ya hewa imeingia vumbi. Mteja akiambiwa “mashine imesema tubadilishe sensa”, ajue mashine haikusema hivyo. Aliyesema ni fundi, naye amechagua jibu moja kati ya matatu. Namba ikifutwa, taa inazimika, na gari linaweza kuendeshwa hadi Kibiti kabla taa haijawaka tena.

Na je, wajua kuwa foleni ya Dar es Salaam inaweza kuliumiza gari ambalo barabara ya kusini inalitibu? Magari mengi ya dizeli ya Ulaya ya miaka ya karibuni yana kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Kichujio hujaa, na ili kijisafishe lazima masizi yaungue kwa joto la nyuzi zinazokaribia 600. Joto hilo halipatikani kwa kusogea mita mia na kusimama. Linapatikana kwa kwenda mwendo mmoja bila kukatizwa, kama vile kutoka Nangurukuru hadi Mchinga. Mwenye gari anayekaa mjini analipia usafishaji wa kichujio kila baada ya muda, na kila mara wakala anakisafisha vizuri, na kila mara foleni inakijaza upya. Hapo hakuna aliyekosea kazi yake.

Dizeli yenyewe ni hadithi nyingine. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia 2015 salfa kwenye dizeli isizidi sehemu 50 kwa kila milioni, ilhali Ulaya ilikuwa imeshashuka hadi 10 mwaka 2009. Gari lililoundwa kwa ajili ya kule likiletwa huku halifi siku ya kwanza. Lakini dereva akizoea kuongezea mafuta ya madumu yanayouzwa kando ya njia, ambayo hakuna ajuaye yalikotoka wala yamechanganywa na nini, nozeli na pampu vitamlipisha.

Mei 2024 mvua kubwa na Kimbunga Hidaya zilikata barabara hii ya kusini eneo la Somanga, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatenganishwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Matangazo ya mashangingi hujivunia kuvuka maji. Range Rover iliyotoka 2012 ilitajwa na kiwanda kuwa inavuka kina cha sentimita 90. Je, wajua maji huingia difu namna gani? Difu likiwa limechemka baada ya safari ndefu kisha likazamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta. Tundu lake la kupumulia likiwa limezibwa na tope, difu linavuta maji kupitia oili sili. Oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi anabadilisha sili kwa sababu ndiyo inayovuja, bila kumwaga oili wala kuzibua tundu. Beringi zinaanza kulia baada ya wiki kadhaa, mwenye gari amekwisha fika Masasi, na hakumbuki kabisa kwamba aliwahi kuvuka maji.

Maji ya chumvi yana ujanja zaidi. Land Rover ilipoanza 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini huku fremu ikibaki ya chuma. Watu husema alumini haishiki kutu. Kweli haishiki kutu nyekundu, lakini alumini na chuma zikigusana penye unyevu wa chumvi, umeme mdogo hupita kati yake na alumini inaliwa, inageuka unga mweupe. Kwenye pwani ya Kilwa na Lindi, yenye mashamba ya chumvi na upepo wa bahari usiokoma, rangi hufura kwenye kingo za milango. Ukipaka rangi mpya juu ya unga ule, itafura tena palepale.

Kuna jambo moja ambalo si usumbufu bali ni hatari. Mifuko ya hewa ya usalama (si ile ya springi, bali ile inayofumuka mbele ya dereva wakati wa ajali) ya kampuni ya Kijapani Takata ilisababisha urejeshaji wa magari mkubwa kuliko wowote katika historia. Kwa Marekani peke yake ni mifuko milioni 67 hivi. Baruti yake ilikuwa amonimu naitreti, ambayo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika, na siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Marekani iliyapa kipaumbele magari ya majimbo ya joto na unyevu kama Florida, na hali ya hewa ya Lindi ni ya namna hiyohiyo. Takata ilifilisika Juni 2017. BMW X5 na Lexus GX za baadhi ya miaka zimo kwenye orodha. Gari lililoagizwa Japani likiwa mtumba halina mwito wa urejeshaji unaolifuata hadi Mchinga, ila namba ya chesesi inaweza kuangaliwa kwenye tovuti ya kiwanda, na hiyo ni kazi ya dakika tano isiyo na malipo. Sioni sababu ya mtu kuahirisha hili.

Je, wajua kwamba Connecticut, jimbo la Marekani, ilipitisha mwaka 1982 sheria ya kwanza ya kumlinda mnunuzi wa gari bovu jipya? Kipimo chake ni cha hesabu: kasoro ileile ikitengenezwa mara nne bila kupona, au gari likilala gereji jumla ya siku 30 ndani ya kipindi kilichowekwa, kiwanda kinabanwa kulibadilisha au kurudisha fedha. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mlaji ya 2008, ni kali zaidi kwa maandishi: bidhaa iliyotengenezwa ikirudia kasoro ndani ya miezi mitatu, muuzaji hana nafasi ya kujaribu tena, anabadilisha au anarejesha fedha. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na ipo Sheria ya Ushindani ya 2003, nazo zinamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaofaa. Hesabu ya “mara nne” hazina. Ndiyo maana karatasi ya kazi ina thamani kuliko ahadi ya meneja: tarehe, kilomita, na malalamiko yaandikwe kama mteja alivyoyasema. “Gari linalala kona ya kushoto nyuma kila asubuhi” ni ushahidi. “Kuangalia upepo” si kitu.

Shangingi la serikali likiharibika Lindi, kwa kanuni za ununuzi wa umma haliendi kwa fundi yeyote. Linapelekwa TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, au kwenye gereji iliyoidhinishwa na TEMESA. Wakala huohuo ndio unaoendesha kivuko cha kwenda Kitunda ng'ambo ya bandari ya Lindi.

Na kusini hii iliwahi kuwa sehemu ya mradi ulioua mitambo kwa wingi. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ulileta Tanganyika trekta za mabaki ya vita, na hata trekta zilizotokana na vifaru vya Sherman. Nachingwea ilikuwa moja ya vituo vyake vitatu vikuu. Mafundi wachache, spea za kusubiri meli, na udongo mgumu uliokula vyuma: ardhi ilisafishwa kidogo sana kulinganisha na hesabu za London.

La mwisho. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ngumu ya mashirika na mahospitali, ilitoka 1984 na bado inaundwa. Nyingi zilizoagizwa na mashirika ya misaada hazikupitia duka lolote la Dar es Salaam. Zilifungwa redio na vifaa Gibraltar, kwenye kampuni inayouzia mashirika hayo. Injini yake ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina tabo wala kompyuta ya kupima mafuta. Pampu yake ni ya vyuma vitupu. Haina anasa, ina kelele, na abiria wa viti vya nyuma akishuka Mchinga hushika kiuno. Fundi wa Lindi anaifungua bila kuuliza mtu.