Kiraka cha bure chasahauliwa, mashine za fedha zagoma

JUMAMOSI ya Januari 25, 2003, wateja wengi wa Bank of America, mojawapo ya benki kubwa za Marekani, walifika kwenye mashine za kutolea fedha wakaondoka mikono mitupu. Benki hiyo wakati huo ilikuwa na mashine zipatazo 13,000, na nyingi kati ya hizo hazikuweza kuwahudumia wateja kwa saa kadhaa. Fedha zilikuwamo na akaunti zilikuwa salama. Kilichokwama ni mawasiliano ya kompyuta.

Chanzo kilikuwa virusi vya kompyuta vilivyopewa jina la Slammer, vilivyoanza kuenea saa 2:30 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Vilipenya kupitia kasoro ya SQL Server 2000, programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu za hesabu, wateja na bidhaa. Programu hiyo ilipokea maulizo kutoka nje bila kupima urefu wake. Ujumbe ukizidi nafasi iliyotengwa, ziada ilimwagikia sehemu nyingine, na kompyuta ikaitii kana kwamba ni amri ya mwenye mali.

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa baiti 376 tu, usiofikia hata robo ya habari hii. Kila kompyuta iliyoambukizwa ilianza kurusha nakala huku na huko bila kuchagua. Mwanzoni idadi iliongezeka maradufu kila sekunde 8.5, na ndani ya dakika kumi zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta zenye kasoro zilikuwa zimekumbwa. Jumla haikupungua 75,000. Hakuna fundi anayewahi ofisini kwa dakika kumi, tena siku ya Jumamosi.

Slammer havikuiba wala kufuta kitu. Msongamano peke yake ulitosha. Intaneti ya Korea Kusini ilizimika kwa saa kadhaa, na shirika la ndege la Continental lilichelewesha na kufuta baadhi ya safari.

Linalouma ni kwamba dawa ilikuwapo. Kasoro hiyo iligunduliwa na mtaalamu wa Uingereza, David Litchfield, na Microsoft ikatoa kiraka cha bure Julai 24, 2002, miezi sita kabla. Wengi hawakukiweka. Kukiweka kulidai kusimamisha mtambo na fundi kunakili faili moja moja kwa mkono, na meneja gani hupenda kusimamisha mauzo kwa ajili ya hatari asiyoiona? Hata baadhi ya kompyuta za Microsoft yenyewe zilikumbwa.

Wengine hawakujua kabisa kwamba wanayo programu hiyo. Toleo lake dogo, MSDE, lilifungwa ndani ya programu nyingine za ofisini, na mnunuzi hakuambiwa. Hapo ndipo penye somo la mfanyabiashara mdogo: muuzaji wa programu ya hesabu aulizwe ndani yake mna nini, na nani ataleta viraka. Mwenye hisa naye ana haki ya kuuliza hayo kwenye mkutano mkuu, kwani taarifa ya mwaka huorodhesha magari na majengo, si viraka vilivyorukwa.

Kuviondoa Slammer kulikuwa rahisi: kuzima kompyuta na kuiwasha upya. Lakini isiyo na kiraka iliweza kuambukizwa tena ndani ya dakika chache. Aliyevitengeneza hajawahi kushtakiwa.