Jana Tulikuwa Naye

Kijana atoe wimbo, usikike redioni, upigwe kwenye matatu na arusini, basi haupiti mwezi barazani utasikia: “Huyu si yule aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa maji?” Nami, msomaji wangu, niwie radhi, katika baraza hizo nimo.

Tusiwasingizie vijana wa leo. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, katika nyumba ya wafinyanzi, akitembeza vyungu vya kuuza. Akahamia mjini, akafundwa kuimba, akaalikwa majumba ya wakubwa. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Walimwachia? Wapi! Walimtungia wimbo wa kumkumbusha nguo duni alizoingia nazo mjini, na kwamba pasipo sauti yake angelala njaa. Yatazame vyema matusi hayo. Sauti hawakuitia ila, waliikiri! Kilichowauma ni vyungu, kwamba walimjua navyo. Siti akawajibu kwa utungo, akampima mtu kwa akili, si kwa sura wala nasaba.

Michael Jackson hakutuuma. Alitufikia kesha kuwa mkubwa, hatukumjua akiazima kandambili. Lakini huyu wa mtaani, kila akipanda hutuuliza: je, wewe ulikuwa wapi? Tuliosoma chuoni tumehifadhi tangu utotoni kujikinga na shari ya hasidi anapohusudu. Sikumbuki hata siku moja kudhani hasidi ni mimi.

Palikuwa na kijana jirani yangu, mamake akiuza mahamri. Beti zake za mwanzo nilimtungia mimi. Kanda yake ilipoanza kununuliwa, nikawa wa kwanza kusema amelewa sifa, hasalimu watu. Uongo mtupu. Kisa ni kwamba arusini watu walimtuza yeye, na mtunzi hakuna aliyemuuliza.

Jioni moja nikiyasema hayo, mamake alikuwa nyuma yangu na sinia lake. Hakunigombeza.

“Mwalimu,” akaniambia, “hapo ulipoketi ndipo alipokuwa akikaa kuzihifadhi beti zako. Usiku kucha, hata nikimwambia alale.”

Akanihesabia mahamri yangu manne, akaongeza la tano. Yule kijana yuaja mtaani kila Idi, na kwangu ndiko huanzia. Hunipa shikamoo kwa mikono miwili, na kila mwaka mimi huangalia chini.